Mtoto Aliyeumwa na Nge: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Singida

Hapana mtu mzima aliyekulia Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni asiyemjua nge, na kwa kuwa wengi wamewahi kuumwa naye, wakaugua usiku mmoja, kisha asubuhi wakachukua jembe wakaenda shambani kama desturi, imezoeleka katika nyumba nyingi kwamba msiba wa nge ni msiba wa maumivu tu, na dawa yake ni subira. Kwa mtu mzima hukumu hiyo aghalabu ni sahihi. Kwa mtoto mdogo ni hukumu ya hatari, na mwongozo huu umeandikwa ili mama, baba, bibi mwenye wajukuu, mwalimu wa darasa la awali na kila mwenye dhamana ya mtoto ajue tofauti iliyopo baina ya hao wawili, na ajue la kutenda katika saa ile ambayo fazaa huwapokonya watu akili zao.

Sababu ya tofauti hiyo si ngumu kufahamika. Nge hapimi ukubwa wa amwumaye. Sumu iliyomwingia mtu mzima wa kilo 60 ikiingia yote katika mwili wa mtoto wa kilo 10, kila kilo ya mtoto huyo imebeba sumu mara 6 ya ile iliyobebwa na kila kilo ya baba yake. Na sumu yenyewe haikai pale mwiba ulipoingia. Ile ya nge wakali huishika mishipa ya fahamu na kuifanya ipeleke habari bila kukoma, hata mwili ukamwaga katika damu kiasi kikubwa cha adrenalini, ambayo Mungu aliiweka kwa haja ya dakika chache za hofu au mbio; moyo mdogo ukapelekwa kama punda anayepandishwa mlima wa Sekenke na mzigo uliomzidi nguvu, na moyo ukishindwa, maji hujaa katika mapafu. Mtoto afaye kwa nge, mara nyingi hufa kwa moyo na pumzi, wala si kwa kidole kilichoumwa.

Watu hupenda kuuliza, kabla ya neno lolote, nge alikuwa mkubwa kiasi gani. Swali hilo lina faida ndogo, na mara nyingine hupoteza. Yule nge mkubwa mweusi mwenye magando mapana, ambaye akionekana kijiji kizima hushika fimbo, kwa kawaida hutegemea nguvu ya magando yake kuliko sumu yake. Mwenye kustahili hadhari zaidi ni yule mwenye magando membamba na mkia mnene, hata akiwa mdogo, hata rangi yake ikiwa ya majani makavu au ya udongo isiyomtisha mtu. Jamaa ya nge hawa wa mkia mnene ndiyo yenye karibu aina zote ziuazo watu duniani, na nchini Tanzania wamo. Lakini kanuni hii ni ya elimu yako tu, isiwe ya kukuamulia safari. Maana usiku mtoto haoni magando wala mkia, huona moto umemwingia mguuni, na mara nyingi nge mwenyewe amekwisha toweka ufani.

Basi hukumu itolewe kwa kumtazama mtoto. Aliye chini ya miaka 10 apelekwe kwa tabibu kila anapoumwa na nge, na aliye chini ya miaka 5 apelekwe bila kungoja dalili yoyote. Aliyezidi miaka 10 anaweza kuangaliwa nyumbani maadamu maumivu yamebaki pale pale penye jeraha. Dalili moja tu ikitokea mahali pengine katika mwili, naye aondoke.

Shida ni ya mchanga asiyeweza kusema. Mtoto aliyelala vizuri akiamka ghafla kwa kilio kisichobembelezeka, akakataa ziwa, akajikunja na kujinyoosha, usikimbilie kudhani ni tumbo au jicho la watu. Washa tochi, mvue nguo zote, mtazame vidole, nyayo, mgongo na nyuma ya masikio. Jeraha la nge mara nyingi halivimbi wala halionyeshi alama, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Gusa taratibu kiungo kimoja baada ya kingine, na mahali pa mwiba mtoto atajikunyata na kulia zaidi. Kabla ya yote hayo, mwondoe yeye na ndugu zake pale mkekani, kwa sababu nge aliyeuma mara moja anaweza kuuma tena, na blanketi lile lile ndilo maficho yake. Ukimwona, mwue ikiwa ni sahali, umtie katika kopo, au umpige picha kwa simu. Lakini mtoto asicheleweshwe hata kidogo kwa ajili ya kumsaka.

Huduma ya nyumbani ni fupi na haitaki ufundi. Mvue bangili, shanga na viatu katika kiungo kilichoumwa. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha weka juu yake kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini, dakika 10 hivi, ondoa, rudia, maana baridi hupunguza uchungu. Ikiwa anameza sawasawa na hatapiki, mpe parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na aspirini asipewe kabisa. Usimnyweshe maziwa kwa nia ya kuua sumu. Maziwa hayaifikii sumu iliyo katika damu, na mtoto ambaye koo lake limelegea anaweza kupaliwa nayo. Akitapika mlaze ubavu. Akihema kwa taabu mkalishe wima mapajani pako. Abebwe, asitembee. Mtulize kwa sauti yako ya kila siku, ingawa moyo wako unakwenda mbio, kwa kuwa hofu humwongezea moyo wake kazi ambayo sumu imekwisha kumwongezea.

Yako mambo ambayo watu wema, kwa nia njema, humtendea mtoto huyu, nayo humdhuru. Kufunga kiungo kwa kamba hakuzuii sumu, na kamba ikikaa sana huua nyama. Kuchanja chale kwa wembe huleta jeraha la pili, na kwa jeraha hilo huweza kuingia pepopunda. Kufyonza kwa mdomo, kumimina mafuta ya taa, kuchoma kwa kijinga cha moto, yote hayo ni mateso juu ya mateso. Ama lile jiwe jeusi libandikwalo juu ya jeraha, ambalo aghalabu ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa, hunata kwa sababu hunyonya unyevu wa ngozi, lakini sumu iliyokwisha kwenda na damu haiwezi kuirudisha.

Sisemi haya kwa kumdharau mganga wa jadi. Heshima yake vijijini mwetu ina mizizi mirefu, na katika jambo hili sifa yake ina sababu iliyo dhahiri: kati ya walioumwa na nge walio wengi hupona bila dawa yoyote, kwa hiyo kila kilichopakwa, kilichobandikwa au kilichosomwa hupata jina la kuponya. Ni yule mtoto mmoja asiyepona aliye na haja ya zahanati, na hakuna ajuaye saa ile ya kwanza kwamba ni yeye. Mganga mwenye hekima, mwombe afuatane nanyi. Neno lake njiani humtuliza bibi na huondoa ubishi wa jamaa, ambao mimi nauhesabu kuwa mwizi mkubwa wa wakati kuliko ubovu wa barabara.

Sasa nieleze dalili, na hapa namsihi msomaji asome polepole. Sumu ikianza kuenea, mtoto hutoka jasho jingi hali ngozi yake ni baridi. Hutapika, tena na tena. Mate humjaa na kumtiririka. Mikono na miguu hupoa. Mvulana uume wake husimama bila sababu, nalo ni jambo ambalo wazazi huona haya kulitaja, na kwa haya hiyo humnyima tabibu dalili yenye maana sana, basi litajwe. Macho huweza kuchezacheza yasitulie, ulimi ukawa mzito, viungo vikatetemeka au kurukaruka, na mtoto akahangaika asipate namna ya kulala. Hatua inayofuata ni ya hofu kubwa: moyo kupiga mbio mno, pumzi kuwa fupi na za haraka, mbavu kuingia ndani kila avutapo hewa, kikohozi chenye povu, pengine povu lenye wekundu kidogo. Mambo hayo yanaweza kuanza katika dakika chache, na yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo mzazi hawezi kulikisia kwa akili yake, kwa maana linapingana na mazoea. Tabibu Himmatrao Bawaskar, aliyefanya kazi vijijini katika jimbo la Maharashtra huko India tangu miaka ya 1970, alikesha na wagonjwa wa nge akiandika kila badiliko la moyo na pumzi zao, na akaona kwamba wale walioshikwa na sumu mwili mzima aghalabu walikuwa na maumivu kidogo tu penye jeraha, hali wale waliolia kwa uchungu mkali wa kidole mara nyingi hawakuwa na hatari nyingine. Kunyamaza kwa mtoto, basi, si ithibati ya kupona. Mtoto aliyeacha kulia akawa baridi, mwenye jasho na mnyonge, yuko katika hali mbaya kuliko yule anayepiga kelele, na nyumba iliyofurahi kwamba amelala inaweza kuwa imeikosa saa yake.

Huyo Bawaskar ndiye aliyeonyesha, katika maandishi yake ya mwaka 1982 na 1986 katika jarida la tiba la The Lancet, jinsi moyo unavyoshambuliwa na jinsi prazosini, kidonge cha kawaida cha shinikizo la damu, kinavyoweza kuutua mzigo huo. Kwa hesabu yake, vifo kati ya walioshikwa vibaya, ambavyo hapo zamani vilikaribia 30 katika kila 100, viliteremka hadi karibu 1. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, elimu hiyo haikutoka katika maabara ya mji mkuu, ilitoka katika kituo cha kijijini chenye kalamu, daftari na tabibu aliyekataa kwenda kulala, na vituo vya namna hiyo Singida imejaliwa navyo. Pili, ili mzazi asije akasikia jina la kidonge akakitafuta dukani: dawa hiyo hushusha shinikizo la damu kwa ghafla, hutolewa mgonjwa akiwa amelala na kuangaliwa, na nge wa India si nge wetu, kwa hiyo ni tabibu aliyemwona mtoto ndiye mwenye kuamua kama inamfaa. Kadhalika kingasumu ya nge hutengenezwa Mexico, India, Saudi Arabia na Afrika Kusini, kila nchi kwa ajili ya nge wake, wala haifai mtu kukaa nyumbani akiuliza kwa simu wapi inapatikana kabla hajaondoka.

Kuhusu safari, jambo hupangwa mchana. Mkoa huu una eneo la kilomita za mraba karibu 49,000 na, kwa sensa ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 2, waliotawanyika kutoka vichaka vya Itigi hadi bonde la Wembere, ambalo mvua ikishika njia zake huwa tope. Jua leo ni nani mwenye bodaboda karibu nawe ambaye hutoka usiku, namba yake ya simu iandike ukutani, na ujue zahanati ipi ina mhudumu anayelala jirani. Zahanati ni mahali pa kuanzia, si lazima iwe mahali pa kuishia. Mtoto mwenye dalili yoyote ya mwili mzima anahitaji mahali penye oksijeni na tabibu wa usiku, na kwa kadiri ya unakoishi mahali hapo ni Kiomboi, Iambi, Makiungu, Manyoni, Mtakatifu Gaspar huko Itigi, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida. Mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, hivyo ukosefu wa fedha usiwe sababu ya kungoja mapambazuko.

Ukifika, sema saa aliyoumwa, uzito wake kama unavyosomeka katika kadi ya kliniki, umpe tabibu na hiyo kadi, na utaje kila kitu alichopewa au kupakwa, hata kile unachoona aibu kukitaja. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Na hapa nina ombi kwa mzazi aliyechoka: usidai ruhusa ya kurudi nyumbani mara tu kilio kinapokoma. Saa 12 za kuangaliwa ni kiasi cha chini kwa mtoto mdogo, na kwa aliye chini ya miaka 5 usiku na mchana mzima ni aula. Mwenye kurudi kijijini saa 5 usiku kwa kuwa mtoto ametulia, akirejea saa 9, atakuwa amesafiri mara tatu na mgonjwa wake yuko mahututi.

Kinga inataka maneno marefu zaidi, kwa sababu nge haji kutoka mbali. Nyumba zetu ndizo zimemkaribisha. Tembe ya zamani, yenye kuta za miti na udongo na dari ya magogo iliyofunikwa kwa ardhi, ni baridi wakati wa jua na ni imara, lakini kila gogo lina ganda, kila ganda lina mwanya, na nge hutaka mwanya unaomgusa mgongo na tumbo kwa pamoja. Nyumba ya tofali za udongo na mabati haimkosi pia, ikiwa haikupigwa lipu. Kanuni ni moja: nge hupanda kila kinachokwaruza na huteleza katika kila kilicho laini. Piga lipu ya ndani, hata ya udongo mwembamba na samadi, na uirudie nyufa zinapotokea. Kama fedha ni kidogo, anza na chumba cha watoto, na katika chumba hicho anza na kimo cha goti kutoka sakafuni. Kitanda kisiguse ukuta. Miguu yake isimame ndani ya makopo ya bati laini. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya malaria kina thawabu ya pili ambayo wengi hawaijui, kwani ukikichomeka vizuri chini ya godoro pande zote, nge aangukaye kutoka darini hubaki juu yake na atambaaye chini hushindwa kuingia. Kikiachwa kining'inie hadi sakafuni, kimekuwa ngazi.

Watoto wengi wa mkoa huu, lakini, hawana kitanda. Hulala kwenye mkeka au ngozi, na kwa Wahadzabe wa Mkalama hulala chini kambini. Kwao bora ni sehemu iliyofagiwa na kumulikwa kabla ya kutandika, mbali na kuni, mafiga na magunia, na mkeka ukung'utwe usiku uleule, si asubuhi tu. Kuni zisiingizwe ndani jioni. Magunia ya mtama na alizeti yainuliwe juu ya kichanja, na yasisogezwe na mtoto. Viatu na sare ya shule vining'inizwe msumarini, kisha vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Ni tabia ya nukta moja, lakini mtoto huifuata tu akimwona mkubwa akiifanya. Safari ya choo cha shimo usiku iwe na tochi na ndara.

Kuku wetu wa kienyeji, ambao sifa yao imefika Dar es Salaam kabla ya wengi wetu, ni walinzi wazuri wa ua, maana humparua na kumla nge wamwonapo. Ila kuku hulala magharibi, na nge huamka magharibi. Zamu ya usiku ni ya bundi na kalunguyeye, na kijiji kinachomrushia bundi mawe kwa imani kwamba ameleta mauti kinajiondolea mlinzi wake kwa mikono yake. Dawa ya kunyunyizia wadudu itumike kwa hadhari, kwani nge aliyekerwa nayo hutoka mafichoni kabla ya kufa. Usiinyunyize jioni katika chumba ambacho watoto watalala usiku huohuo.

Njia ya hakika zaidi ya kumtafuta ni nuru. Nge akimulikwa kwa mwanga wa urujuani hung'aa rangi ya kijani-buluu, isipokuwa yule aliyetoka kujivua gamba, na taa ndogo ya mwanga huo ni ileile ambayo wenye maduka na mawakala wa fedha hukagulia noti bandia. Familia tatu zikiazima taa moja, zikamulika kuta na kuni saa moja baada ya giza katika miezi ya joto, yaani kuanzia Oktoba hadi mvua zishike, zitajua kwa jioni chache ni ukuta upi unaotaka lipu. Mwenye kuokota awe mkubwa, mwenye viatu na koleo ndefu.

Zaidi ya ua wa mtu mmoja kuna daraka la umma. Mwaka 2008 watafiti Chippaux na Goyffon walikadiria kwamba watu zaidi ya 1,200,000 huumwa na nge kila mwaka duniani na zaidi ya 3,250 hufa, wengi wao watoto; wakataja maeneo saba yenye hatari, na Afrika Mashariki haimo. Anayeishi Mkalama atashangaa. Lakini mtaalamu huandika kile alichoandikiwa, na mtoto aliyepona nyumbani, au aliyefia nyumbani, hayumo katika daftari lolote. Kwa hiyo umwombe mhudumu, kwa adabu, aandike katika daftari la MTUHA, yaani lile la taarifa za huduma za afya, neno nge, asiishie kuandika jeraha au mdudu, pamoja na umri, kijiji na saa. Na mtendaji wa kijiji naye aweke orodha yake ya walioumwa, ili ilinganishwe na ya zahanati mwisho wa mwezi. Zahanati yenye kurasa hizo, wakati wa kupeleka maombi yake Bohari ya Dawa na makadirio yake halmashauri, itaweza kutaja kwa hesabu ni watoto wangapi waliokuja Novemba, wangapi walikosa oksijeni, na kutoka vijiji gani.